Matone Matatu Kabla ya Kulala

Kwa karibu miaka miwili niliijua saa nane ya usiku kuliko saa nane ya mchana. Ya mchana hunikuta kwenye cherehani, kichwa chini, sijui kama kunanyesha au kunawaka. Ya usiku ilinikuta chali, macho makavu, nahesabu boriti na kusikiliza paka wakigombana juu ya bati. Jogoo wa jirani, ambaye hajawahi kujua saa, akawa ndiye mwenzangu.

Nina miaka 53 na ni fundi cherehani hapa Chake Chake, Pemba. Usingizi ulinihama hedhi ilipoanza kuyumba: joto linapanda ghafla kifuani, shuka linalowa jasho, na ukishaamka hulali tena. Asubuhi moja nikaikatia kanzu ya mteja mikono miwili ya kushoto. Hapo ndipo nilipokubali kuwa nina tatizo.

Siku hizi nalala kwa muda wa saa tano, mara nyingine sita. Kila anayesikia huniuliza jina la mafuta ninayotumia. Jina tu, kama anauliza namba ya simu. Nitalitaja, lakini jina ni robo ya habari, na ukilichukua hilo peke yake utarudi kunilaumu.

Nianze na kosa langu, maana ndilo watu wengi wa huku wangelifanya. Mpemba akiumwa jino, jibu ni karafuu. Akiumwa mgongo, karafuu. Basi nikaona na usingizi utatibika kwa karafuu. Tuna kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, mafuta yake tunayajua tangu utotoni, na ndani kwangu chupa haikosekani. Nikajipaka kifuani, makavu, bila kuchanganya na kitu. Ndani ya dakika chache ngozi ikawa nyekundu kama nimeunguzwa na pasi, macho yanatoka machozi, na usingizi ndio ukakimbia moja kwa moja. Mafuta ya karafuu yamejaa kemikali iitwayo yujenoli, ambayo ni kali kwa ngozi. Usijipake bila kuyazimua, na mtoto asiyafikie kabisa, kwa sababu akiyanywa hata kidogo yanaweza kumharibu ini. Mdalasini nao ni vivyo hivyo kwa ukali. Mchaichai unanukia vizuri sebuleni na kwenye kikombe cha chai, ila mafuta yake hayanilazi, na ngozi laini huyakataa.

Yanayonifaa mimi ni mawili: lavenda na langilangi.

Lavenda si mmea wetu, ni wa kule Ulaya kwenye milima mikavu ya kusini, na utaipata kwenye maduka ya dawa au ya vipodozi ya mjini. Langilangi unaijua: ile ya manjano yenye petali zinazoning'inia kama vitambaa, tunayoichanganya na asumini kwenye vikuba na kitandani kwa bibi harusi. Wakomoro wanaikamua kwa wingi na kuisafirisha nje kwa ajili ya manukato. Huchumwa alfajiri, harufu ikiwa bado imekaa ndani ya ua.

Mitandaoni haya mafuta wanayaita "mafuta muhimu". Muhimu kwa nani sijui; mafuta muhimu nyumbani kwangu ni ya taa. Ni harufu ya mmea iliyotolewa kwa mvuke: majani au maua yanachemshwa, mvuke unapita kwenye bomba la baridi, na mafuta yanaelea juu ya maji. Ndoo nzima ya maua inaishia kwenye kijiko. Ndiyo maana tone moja ni kitu kizito, na ndiyo maana mwenye kukuuzia chupa kubwa kwa bei ya soda anakuuzia kitu kingine. Yalinikuta sokoni: "langilangi halisi," nikaambiwa, na kumbe ni pafyumu iliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Nilitia tone moja kwenye karatasi nyeupe, na siku ya pili bado kulikuwa na doa la mafuta kama karatasi ya kufungia maandazi. Lavenda safi hupeperuka na kuacha alama hafifu tu. Kipimo hicho si cha maabara, kuna mafuta mazito kama ya msandali ambayo huacha doa hata yakiwa safi, lakini kwa lavenda kinatosha kumuumbua mwongo.

Ukienda kununua, angalia chupa iwe ya kioo cha rangi ya kahawia au buluu, si ya plastiki, na iwe imeandikwa jina la kitaalamu la mmea. Lavenda iwe *Lavandula angustifolia*, langilangi iwe *Cananga odorata*. Ikiandikwa tu "harufu ya lavenda", irudishe mahali pake. Chupa ya mililita 10 ina matone kama 200. Kwa matone matatu kila usiku inakuchukua zaidi ya miezi miwili, kwa hiyo hata ikiwa ghali kidogo, gawanya kabla hujanung'unika. Iweke penye giza na ubaridi, na kifuniko ukikaze. Joto letu na hewa huyachachisha, na lavenda iliyochacha ndiyo inayowasha watu ngozi halafu wakasema mafuta ni mabaya.

Sasa kazi yenyewe.

Njia ninayoipenda ni ya kukanda miguu. Chukua kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi, kama mililita 5. Tia tone moja la lavenda kwanza. Hiyo ni kama asilimia moja, na ni pa kuanzia kwa kila mtu; ukizoea weka mawili. Mimi nachanganya lavenda matone mawili na langilangi tone moja kwenye vijiko viwili vya nazi. Langilangi usiizidishe, maana harufu yake ikiwa nyingi inaleta kichwa na kichefuchefu; bibi harusi anayezimia huwa si kwa haya peke yake. Koroga kwa kidole kwenye kiganja, kisha kanda nyayo, visigino na mashavu ya miguu kwa dakika kumi, polepole. Usiwe na haraka ya kumaliza. Kukanda nako ni dawa, na mtu aliyekaa kwenye cherehani siku nzima ana miguu inayomdai.

Kabla ya mara ya kwanza, jaribu. Paka kidogo ya mchanganyiko ndani ya kiwiko, subiri mpaka kesho saa kama hiyo. Pakiwasha au pakipiga wekundu, achana nayo.

Njia ya pili ni ya mto. Tone moja au mawili kwenye kipande cha kitambaa cha pamba (mimi sikosi vipande), kiache kikauke dakika chache, kisha kisukumie kwenye pembe ya foronya, mbali na uso. Usidondoshe juu ya mto moja kwa moja. Utageuka usiku, na jicho likutane nalo.

Ya tatu ni bakuli la maji ya moto lenye matone matatu, liwekwe mezani chumbani nusu saa kabla hujalala, kisha litolewe nje. Vile vifaa vya umeme vya kutoa mvuke hufanya kazi hiyohiyo. Nusu saa inatosha, uzime. Kuwasha usiku kucha hakuongezi usingizi, pua inazoea na kichwa kinauma.

Wengine hudondosha kwenye ndoo ya kuogea. Mafuta na maji hayachanganyiki. Tone litaelea zima na litakutua mwilini likiwa kali vilevile. Changanya kwanza na nazi, au oga kwanza ndipo ujipake. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia kwenyewe, kwa sababu mwili ukishapoa baada ya kuoga ndipo unapotaka kulala.

Na chetezo? Mimi ni mtu wa pwani, udi na ubani siwezi kuuacha, lakini nafukiza jioni, madirisha wazi, na chetezo kinatoka nje na makaa yake kabla mtu hajapanda kitandani. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mwenye kulala nayo anaweza asiamke. Mshumaa karibu na chandarua nao usiniulize. Hapa ndipo chupa ndogo inapokishinda chetezo: haina moto.

Kama mlangilangi uko uani na huna hela ya chupa, fanya kama mama zetu. Chuma maua yaliyoiva manjano, yatandaze kivulini siku moja yanyauke, kwa kuwa maji yakibaki mafuta yataota ukungu. Jaza nusu ya chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mimina mafuta ya nazi mpaka maua yazame, funga, weka mahali penye joto siku saba huku ukitikisa. Chuja kwa kitambaa. Hayo hayana nguvu ya yale ya mvuke, hayahitaji kuzimuliwa, na kwa kukanda miguu yanapendeza kuliko kitu chochote cha dukani. Tengeneza kidogo, yasikae miezi.

Nimesema jina ni robo. Robo tatu ni hizi. Mafuta yanafanya kazi ya mwadhini: anaita, lakini haswali kwa niaba yako. Pua ina njia ya mkato kwenda kwenye sehemu ya ubongo inayoshika hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana ukinusa udi fulani unakumbuka harusi ya miaka ishirini iliyopita kabla hujajua unanusa nini. Basi mimi niliifunga harufu moja na jambo moja. Lavenda naifungua saa nne usiku tu, baada ya taa kubwa kuzimwa na simu kuachwa sebuleni, na siinusi wakati mwingine wowote. Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Wiki ya nne nikaanza kupiga miayo nikifungua kifuniko.

Tafiti za lavenda zipo, nyingi ni za watu wachache, na ni vigumu kumficha mtu kwamba ananusa lavenda, pua inajua. Zinaelekea kuonesha nafuu, si muujiza. Kwa mtu aliyekosa usingizi muda mrefu, wataalamu hutanguliza tiba ya kubadili mazoea ya kulala, na chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kilishauri hivyo mwaka 2016, kabla ya vidonge. Kwa hiyo mimi naamka alfajiri ileile hata kama nimelala vibaya, kahawa nimeikata baada ya adhuhuri (hilo liliniuma kuliko yote, baraza bila kahawa ni kikao cha msiba), na silali mchana kupita nusu saa. Kazi za sikukuu napokea mpaka siku kumi kabla ya Iddi, basi. Wateja wamenuna, wamezoea. Ramadhani ratiba yote inavunjika kwa sababu ya daku, na sijilaumu. Naianza upya Mfungo Mosi.

Kuna watu wa kukaa mbali. Wifi yangu ana pumu, akija kulala chupa zote zinafungwa, kwani harufu kali huweza kumbana kifua. Mjamzito amuulize mkunga wake kwanza. Watoto wadogo usiwapake wala kuwawekea karibu na pua, hasa mkaratusi na kafuri. Paka nao: ini lao haliwezi kuyavunja haya mafuta, kwa hiyo wangu halali chumbani siku ya bakuli. Wala usiyanywe, wala kwenye chai, wala kwenye asali, hata aliyekuuzia akiapa.

Ukikosa usingizi siku tatu au zaidi kila wiki kwa miezi mitatu, nenda hospitali. Nenda mapema zaidi kama mwenzako anasema unakoroma halafu pumzi inakatika, kama miguu inakutambaa usiku, au kama moyo umekuwa mzito na dunia haina ladha. Mimi nilikwenda, nikapimwa damu na presha, na daktari ndiye aliyenieleza habari ya joto la ukomo wa hedhi na lipi linatibika. Kama unatumia vidonge vya usingizi usiviache ghafla kwa sababu umesoma habari ya lavenda. Zungumza na aliyekuandikia.

Bado zipo siku haifanyi kazi. Jana ilikuwa mojawapo. Nilipoona nimegaagaa kama dakika ishirini, niliamka, sikuwasha taa kubwa wala kushika simu. Nilikaa ukumbini na kandili ndogo, nikaanza kushona vifungo vya kanzu ya mtoto, vyote kumi na mbili. Kufikia cha tisa jicho lilikuwa zito. Vitatu vilivyobaki nimevimalizia leo asubuhi.