Namna ya Kuunganisha Fotografia na Rangi katika Kazi Moja ya Sanaa

Kazi inayochanganya fotografia na uchoraji huanzia kwenye uchaguzi wa picha, si kwenye brashi. Tafuta picha yenye sehemu moja ambayo kamera imeinasa vizuri kuliko mkono wowote unavyoweza kuichora, kama vile mikunjo ya kiganja au mwanga ndani ya mboni ya jicho, lakini yenye pia eneo pana lililotulia, kwa mfano anga, ukuta au kivuli. Eneo hilo ndilo makao ya rangi. Picha iliyosheheni mambo kila pembe huifanya rangi kuwa pambo tu, na mimi huiacha hata kama ni nzuri.

Ichape kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, kwa wino wa pigmenti, yaani wenye chembechembe za rangi zisizoyeyuka kwa maji. Wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka kwa maji, hivyo brashi ya kwanza yenye akriliki, rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, huweza kuuvuruga uso mzima. Ukiwa na shaka, chapa kipande kidogo, kiache kikauke siku nzima, kisha kisugue kwa kidole kilicholowa. Karatasi za picha zinazong'aa nazo zina utando wa plastiki ambao akriliki haiushiki barabara.

Ibandike picha juu ya ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi ya msingi, kwani turubai hunyumbulika na karatasi haipendi kunyumbuliwa. Paka jeli ya akriliki kwenye ubao na mgongoni mwa picha, kandamiza kwa rola kuanzia katikati kuelekea kingoni ili hewa itoke, kisha weka uzito juu yake usiku kucha. Ubao ukiwa mwembamba, bandika karatasi ya aina hiyohiyo upande wa nyuma, la sivyo karatasi ya mbele itanywea inapokauka na kuupinda.

Funika picha kwa tabaka mbili nyembamba za akriliki isiyo na rangi. Anayekusudia kutumia rangi za mafuta asiruke hatua hii, kwa kuwa mafuta ya kitani yaliyomo ndani ya rangi hizo yakipenya kwenye karatasi huifanya iwe ya manjano na kuvunjikavunjika. Rangi ya mafuta huweza kupakwa juu ya akriliki. Akriliki juu ya rangi ya mafuta hubanduka.

Sasa rangi. Anza na tabaka zilizozimuliwa zinazopitisha mwanga, ukitwaa rangi zilizomo tayari kwenye vivuli vya picha, na uzijaribu kwanza pembeni, kwa sababu akriliki ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Mahali panapodai subira kuliko pote ni mpakani, pale fotografia inapokoma na rangi inapoanza. Mpaka ulionyooka pande zote huifanya picha ionekane kama stempu iliyogandishwa juu ya mchoro. Chukua mstari uliomo ndani ya picha, pengine bega au ukingo wa barabara, uuendeleze kwa brashi hadi nje yake. Kwingine acha ukingo mkali, kwingine ufifishe kwa kitambaa chenye unyevu kabla rangi haijakauka, hata jicho lisitambue mara moja limevuka wapi. Kazi hii huweza kuchukua siku kadhaa, na inastahili.

Ipo pia njia ya kuiachia rangi uhuru. Mchoraji Mjerumani Gerhard Richter, katika miaka ya 1980, alianza kupitisha picha ndogo za kawaida kwenye rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kazi zake kubwa, na mabaka yaliyopatikana huficha watu na kuwafichua kwa namna isiyoweza kupangwa. Ukiijaribu, andaa nakala nyingi za picha moja, maana nyingi utazitupa.

Mwishoni paka vanishi yenye kinga dhidi ya mionzi ya jua. Akriliki ikishakauka kabisa huipokea. Rangi za mafuta zilizopakwa nene zisubiri miezi 6 hadi 12. Tundika kazi mbali na jua la moja kwa moja, na andika mgongoni mwake aina ya wino, karatasi na rangi ulizotumia, ili atakayeitengeneza siku ikiharibika ajue alichonacho mkononi.