Somo: Kuchunguza athari za tumbaku kwa mja mzito, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wenzangu. Wanafunzi wa uuguzi na ukunga mmeliomba somo hili, nami nalitaka sana, maana huku kwetu utafiti huu hufia mlangoni. Mtafiti huenda kliniki na swali moja, "Unavuta sigara?" Mama hujibu "La, astaghfirullah," na karatasi inafungwa. Ni kweli, wanawake wavutao sigara Zanzibar ni wachache. Tumbaku, hata hivyo, humfikia mja mzito kwa njia nyingine.

Hatua ya 1: Soma yanayojulikana. Mwaka 1957 mtafiti Simpson, huko California, alionesha kwamba wavutaji huzaa watoto wa chini ya gramu 2500 mara nyingi zaidi. Tafiti zilizofuata zimekubaliana kuwa mtoto wa mvutaji huzaliwa na uzito uliopungua kwa wastani wa gramu 200 hivi. Kaboni monoksidi ya moshi hukalia hemoglobini, ile ibebayo oksijeni katika damu, mahali pa oksijeni, nikotini hubana mishipa, na vyote viwili huvuka kondo la nyuma. Hatari ya kondo kubanduka mapema, ya mtoto kufia tumboni na ya kichanga kufa ghafla usingizini nayo huongezeka. Tafuta makala PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba. Kutafuta hapo ni bure.

Hatua ya 2: Swali liwe dogo. "Je, moshi wa sigara ya mume unahusiana na uzito wa mtoto?" Linatosha.

Hatua ya 3: Ijue tumbaku iliko. Hapa ndipo pa kukaa sana. Uliza nani anavuta nyumbani, anavutia chumba gani, na mama analala wapi. Kisha uliza tambuu: anatafuna popoo na chokaa tu, au anatia na tumbaku? Ugoro je? Usiyaone haya madogo. Utafiti wa Mumbai uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta watoto wa kina mama watumiao tumbaku isiyo ya moshi wamepungua gramu 105. Moshi wa kuni uandike mbali, nao una madhara yake. Ukiuchanganya na wa sigara hutajua kipi kimefanya nini.

Muulize mama akiwa peke yake. Mkwe akiwa ubavuni hatasema, na haki yake asiseme. Ukipata uwezo wa maabara, pima kotinini kwenye mkojo. Hiyo ni alama inayoachwa na nikotini, ila huonesha siku chache zilizopita tu, si mimba nzima.

Hatua ya 4: Pima mtoto vizuri. Mizani ile ile, siku ile ile aliyozaliwa. Andika na umri wa mimba, malaria, na kiwango cha damu cha mama, kwani navyo hugusa uzito wa mtoto. Waliojifungulia nyumbani watafute, la sivyo umeandika habari za waliofika hospitali peke yao.

Hatua ya 5: Kibali. Kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar kwanza, halafu sheha. Usiulize hata mtu mmoja kabla.

Maswali ya wanachama

*Mkunga, Wete:* Mume anavutia barazani, haingii na sigara ndani. Niandike havuti?

Andika anavutia barazani. Moshi huingia dirishani na hukaa kwenye nguo. Ukimfanya "havuti", umemchanganya na asiyevuta kabisa, na tofauti unayoitafuta itafifia.

*Mwanafunzi, Unguja:* Nimesoma kuwa watoto wa wavutaji wanaozaliwa na uzito mdogo hufa kwa uchache kuliko wa wasiovuta waliozaliwa wadogo vilevile. Basi sigara inawalinda?

Haiwalindi. Mtafiti Yerushalmy aliliandika jambo hilo mwaka 1971 na likawasumbua wengi. Mtoto wa asiyevuta akizaliwa mdogo, mara nyingi pana sababu nzito zaidi, kama maradhi au kasoro ya maumbile. Unalinganisha wadogo kwa wadogo, lakini udogo wao haukutoka mahali pamoja. Linganisha watoto wote wa kila kundi, utaona wa wavutaji ndio wanaokufa zaidi.

*Muuguzi, Chake Chake:* Mama akiniambia anatafuna tumbaku, niandike tu nipite?

Usipite. Andika, kisha weka kalamu chini umweleze kwa upole kuwa kuacha sasa kuna faida. Wavutaji wanaoacha miezi ya mwanzo huzaa watoto wenye uzito ulio karibu na wa wasiovuta. Na kama mumewe anavuta, muulize kama angependa aje naye kliniki mara nyingine.