Hela ya Mwenye Mali: Ninavyowalipa Watu Wanaoniachia Vitu Niwauzie

Mtu akikuletea koti lake ulitundike dukani, ukiliuza mgawane, amekupa amana. Koti ni lake mpaka linaponunuliwa, na likishanunuliwa, fungu lake katika ile hela ni lake vilevile. Wewe umemshikia tu. Naanzia hapo kwa sababu kila kosa nililowahi kufanya katika kulipa wenye mali lilitokana na kulisahau hilo, hata kama ni kwa siku mbili tatu.

Mwaka wa pili wa duka langu nilikuwa na droo moja. Mauzo yote yaliingia humo na kila gharama ilitoka humo: pango, umeme, mifuko, hanga. Mwisho wa mwezi ndipo nilipokaa kupiga hesabu nani ananidai nini. Alhamisi moja akaja mama mmoja aliyekuwa ameniachia kitanda cha mtoto. Kitanda kilikuwa kimeuzwa wiki tano nyuma, tena kwa bei nzuri. Nikafungua droo, hela haitoshi. Jumatatu nilikuwa nimelipa pango. Nikamwomba arudi wiki inayofuata. Hakugomba. Aliikunja stakabadhi yangu mara mbili, akairudisha kwenye pochi, akasema, "Haya mwanangu, nitarudi." Akarudi kweli, nikamlipa yote. Lakini tangu siku hiyo hajaniletea hata leso, wala dada yake aliyekuwa akifuatana naye. Mwezi ule nilijiona nimefanya biashara vizuri, kumbe pango langu nililipa kwa kitanda cha mtoto wake.

Kwa hiyo, fungu la mwenye mali litenge siku ya kuuza, usisubiri siku ya kulipa. Mimi nina akaunti mbili. Jioni, kabla hata ya kufagia, napitia mauzo ya siku, napiga fungu la kila mwenye mali, na jumla yake naihamishia akaunti ya pili, ambayo haina kazi nyingine yoyote. Iliyobaki ndiyo ya duka, na ndiyo pekee ninayoiangalia nikitaka kujua kama naweza kununua kabati jipya. Kama unauza kwa hela taslimu na benki iko mbali, tumia kisanduku chenye kufuli na karatasi ndani inayoandikwa kila siku. Hata siku uliyouza kitu kimoja, tenga.

Sasa tuje kwenye mgawo, maana ugomvi mwingi huzaliwa hapa. 50 kwa 50 ni mgawo wa kawaida sana, na wapo wanaompa mwenye mali 60 au 40 kulingana na aina ya kitu. Asilimia yenyewe watu huielewa haraka. Wasichouliza, nawe usipowaambia kitakurudia, ni asilimia ya nini.

Chukua kitu chenye lebo ya 1,000, kwa fedha yoyote unayotumia. Kimekaa siku 30 bila kuguswa, umekipunguza asilimia 20, kikauzwa 800. Mnunuzi amelipa kwa kadi na wenye mashine wamekata asilimia 3, yaani 24, kwako ikafika 776. Tuseme mgawo ni 60 kwa mwenye mali na 40 kwa duka. Ukigawa 800, yeye anapata 480 na wewe 320, lakini ile 24 unaibeba peke yako, unabaki na 296. Ukigawa 776, yeye anapata 465.60 na wewe 310.40. Tofauti kwake ni 14.40. Kwa kitu kimoja haionekani, ila aliyekuletea vitu 40 vya namna hiyo ataiona. Na kama punguzo ulilitoa mwenyewe, kwa kumpendeza mteja wako wa kila siku, bila mwenye mali kulikubali, basi haki yake ni 600, asilimia 60 ya bei mliyopatana, nawe unabaki na 200 kabla ya makato.

Njia yoyote kati ya hizo mnaweza kukubaliana. Kosa ni kuchagua baada ya kitu kuuzwa. Mimi nagawa bei kilichouziwa, na makato ya kadi nabeba mwenyewe, kwa sababu si mwenye mali aliyeamua niweke mashine. Kodi ya mauzo, kama sheria ya kwenu inakutaka uitoze, iondoe kwanza kabla ya kugawa. Hiyo si yake wala si yako.

Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi moja ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa amesimama kaunta. Ya kwangu inasema mgawo ni wa bei ipi, kitu kitakaa siku 90, punguzo linaanza siku ya 30 na ni la kiasi gani, malipo ni tarehe ngapi, kikiibwa au kikiharibika mikononi mwangu nitalipa nini, na kisipouzwa kinakwenda wapi. Anasaini, anabaki na nakala. Mstari wa mwisho unauliza jina la mtu wa pili anayeruhusiwa kupokea hela. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kila mwenye mali ana namba, na kila kitu chake kina namba inayofuata ya kwake. Mwenye mali wa 47, kitu chake cha 12, ni 47-12. Namba hiyo ipo kwenye lebo, kwenye daftari na kwenye stakabadhi aliyopewa. Kitu kikiuzwa, kipande cha lebo kinachanwa na kubaki kwenye kopo la kaunta, na jioni vipande ndivyo vinavyohesabiwa dhidi ya mauzo. Kuna wakati nilimlipa mwenye namba 99 viatu vya mwenye namba 66. Lebo zangu zilikuwa za duara, zinaning'inia kwa uzi, na hiyo ilikuwa imegeuka juu chini. Siku hizi kila namba naipigia mstari chini yake, na lebo za duara nimeziacha. Ukiwa na programu ya kompyuta inayosoma lebo kwa mashine, tatizo hili hulioni. Ukiwa na kalamu, piga mstari.

Daftari lenyewe lisiwe na mbwembwe. Ukurasa mmoja kwa kila mwenye mali: tarehe kitu kilipoingia, namba, maelezo mafupi, bei ya lebo, tarehe kilipouzwa, bei kilichouziwa, fungu lake, tarehe alipolipwa, salio. Wengine hupenda kuandika kitu bila kasoro zake. Usifanye hivyo. Andika "koti la bluu, kifungo kimoja hakipo" siku ya kupokea, mbele yake, ili baada ya miezi mitatu pasiwe na mjadala kuhusu nani alikipoteza.

Siku ya kulipa nimeipanga kwa hesabu, na ningependa uifuate hesabu hii hata kama tarehe zako ni nyingine. Mnunuzi wangu ana siku 14 za kurudisha kitu chenye kasoro ambayo sikumwambia. Ninalipa tarehe 15, kwa mauzo yote ya mwezi uliotangulia. Kitu kilichouzwa siku ya mwisho kabisa, tarehe 31, siku zake 14 zinaisha tarehe 14, na kesho yake ndiyo malipo. Kwa hiyo hakuna hela inayotoka kwa mwenye mali wakati mnunuzi bado ana haki ya kuidai. Zamani nililipa kila Ijumaa, nikidhani ndio wema. Blenda ikarudishwa Jumatatu, mota imekufa, na mwenye blenda alikuwa ameshatumia hela. Kumdai mtu mliyemaliza hesabu ni jambo zito kwenu wote wawili. Ile hasara niliibeba mimi, kwa sababu sikuwa nimeandika popote kwamba angepaswa kurudisha.

Kitu kikirudishwa ndani ya muda, usifute mstari wa mauzo. Andika mstari mpya wenye fungu lile lile na alama ya kutoa, kisha iondoe hela hiyo kwenye akaunti ya wenye mali siku hiyo hiyo. Kufuta kunaficha historia. Miezi sita baadaye hutakumbuka kwa nini kitu kina tarehe mbili za kuuzwa.

Tarehe 15 kila anayedai anapata taarifa kabla ya hela: vilivyouzwa na bei zake, fungu lake, vilivyobaki na siku zilizosalia kabla ya 90. Naituma kwa ujumbe wa simu, na kwa wazee wasiotaka hayo nachapisha. Hela inakwenda kwenye akaunti au simu yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Mtu akinipigia kuniambia nitume kwenye namba nyingine, nakata, nampigia mimi kwa namba niliyonayo daftarini. Anayelipwa mkononi anahesabu mbele yangu na kusaini. Gharama ya kutuma nimeamua ni ya duka. Ili isinimalize, salio dogo kuliko kiwango tulichoandika kwenye mkataba linasubiri mwezi unaofuata, isipokuwa mwenyewe aje kulichukua, maana akilitaka leo ni lake leo.

Kila Jumapili jioni nafanya kazi moja ya dakika 20 ambayo nisingeiacha hata nikiwa na homa. Najumlisha salio la kila ukurasa. Naangalia kilichomo kwenye akaunti ya wenye mali. Namba mbili zilingane. Zikipishana, sitoki mezani mpaka nijue sababu, na mara nyingi ni moja kati ya tatu: kitu kilichorudishwa hakikuandikwa, punguzo liliingizwa mara mbili, au kipande cha lebo kimebaki kwenye mfuko wa koti langu. Akaunti ikizidi, bado ni tatizo, maana kuna mtu nimemsahau. Ukiajiri mtu wa kuuza, asiwe ndiye anayelipa wenye mali, au angalau ulinganishaji huu ufanye wewe. Nasema hivyo kwa ajili ya kumlinda yeye pia. Hela ikipungua, asiyeshika funguo hatuhumiwi.

Kuhusu vitabu vya kodi, nitasema moja tu. Kwa muda mrefu niliandika bei yote ya kitu kama mapato ya duka, duka likaonekana kubwa mara mbili ya lilivyo. Mhasibu ndiye aliyenifungua macho: anayeuza mali ya mtu mwingine ni wakala, na mapato yake ni kamisheni. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, inaweka tofauti hiyo waziwazi. Fungu la mwenye mali linaandikwa kama deni, na vitu vyake vilivyotundikwa havihesabiwi katika mali ya duka. Muulize mhasibu wa kwenu sheria ya kodi inataka nini juu ya hapo.

Sasa ule mstari wa mtu wa pili. Kaka na dada walileta vyombo vya marehemu mama yao. Kaka alisaini. Vikauzwa vizuri, kisha dada akaja peke yake kudai nusu. Nilimwelewa, na nilimwamini, lakini sikumpa. Nilimwonyesha mkataba, nikamweleza kwamba ninaweza kumlipa aliyesaini au mtu aliyemtaja, na kwamba wakikubaliana waje pamoja nitagawa mbele yao. Walikuja. Tangu hapo mali ya familia nauliza mapema: hela alipwe nani, na kama ni wawili, kila mmoja kiasi gani? Ni swali gumu kumuuliza mtu aliye na msiba, kwa hiyo nauliza taratibu, tukiwa tumekaa, wala si kaunta.

Wako pia wasiorudi. Wamehama, wamebadilisha simu, au wamefariki na hakuna aliyejua kwamba waliacha kitu. Nchi nyingi zina sheria ya hela isiyodaiwa, inayosema ikae muda gani na iende wapi baada ya hapo. Tafuta ya kwenu uisome kabla hujaigusa. Kwa upande wangu, napiga simu mara tatu kwa miezi tofauti, naandika tarehe ya kila simu pembeni ya ukurasa, kisha nampigia mtu wa pili. Mwezi uliopita nilimpata kwa njia hiyo mtoto wa mzee aliyeniachia saa ya ukutani. Hakujua habari ya saa hata kidogo. Alikuja na mkewe, nikamfungulia ukurasa wa baba yake, akapitisha kidole kwenye saini kabla ya kuuliza ni kiasi gani.