Namna ya Kupima Upatikanaji wa Huduma za Afya: Mfano wa Mombasa

Anayetaka kujua kama huduma za afya zinapatikana mahali fulani aghalabu huanza kwa kuhesabu majengo, na hapo ndipo vipimo vingi vinapokwenda kombo. Zahanati yenye kibao kizuri barabarani huenda ikafungwa saa kumi jioni, au ikawa wazi siku nzima bila dawa ya shinikizo la damu. Swali la kupimia liulizwe kwa upande wa mgonjwa: mama mjamzito wa mtaa wa Mishomoroni, Mombasa, akifika leo usiku, atapata nini?

Hata hivyo orodha ya vituo haiepukiki. Chukua orodha kuu ya Wizara ya Afya ya Kenya, ambayo inaonyesha ngazi na mmiliki wa kila kituo, kisha uigawe kwa kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni. Ihakikishe mitaani pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, kwa kuwa kliniki za binafsi hufunguliwa, hufungwa na kuhama kabla ya karatasi kubadilishwa. Maduka ya dawa yaandikwe kando. Wagonjwa wengi huanzia huko, lakini yasihesabiwe kuwa zahanati.

Kinachofuata ni kulinganisha hesabu hiyo na idadi ya watu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitumia viwango vya vituo 2, vitanda 25 vya kulaza wagonjwa na wahudumu wakuu 23, yaani madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga, kwa kila watu 10,000. Sensa ya 2019 iliikuta Mombasa na wakazi 1,208,333. Kwa hiyo kaunti ingehitaji vituo vipatavyo 240, vitanda 3,020 na wahudumu 2,780. Kwa dharura za uzazi, kiwango ni vituo 5 kwa kila watu 500,000, na angalau kimoja kati ya hivyo kiwe na uwezo wa kufanya upasuaji na kuongeza damu. Mhudumu anayefanya kazi kituoni kwa muda nusu ahesabiwe nusu, la sivyo muuguzi anayeshinda hospitali ya umma asubuhi na kliniki ya binafsi jioni ataonekana kuwa watu wawili.

Vitanda vina mtego wake. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani Mombasa, lakini hupokea wagonjwa kutoka Kwale, Kilifi na Taita Taveta pia, na ukivigawa vitanda vyake kwa wakazi wa Mombasa peke yao utawapa utajiri wasiokuwa nao. Vilevile wastani wa kaunti nzima huficha mengi: Mvita, yenye hospitali kubwa, ikichanganywa na Likoni, ambako mgonjwa wa rufaa huenda akasubiri feri akiwa katika gari la wagonjwa, jibu linalotoka halimfai yeyote. Toa hesabu ya kila kaunti ndogo peke yake.

Baada ya hapo nenda vituoni, na sehemu hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Ikiwa huwezi kuvifikia vyote, zitembelee hospitali zote, kisha uchague zahanati na vituo vya afya kwa kura, ukizingatia ngazi na umiliki. Tazama vifaa sita vya msingi: mizani ya watu wazima, mizani ya watoto, kipimajoto, stethoskopu, mashine ya kupimia shinikizo la damu na taa ya kumchunguzia mgonjwa. Usiridhike na jibu la «tunayo». Sema kwa adabu, «Sista, naomba unionyeshe,» kisha uhakikishe kwamba mashine inawaka na dawa haijapita tarehe.

Friji pekee inaweza kukufundisha mengi kuhusu kituo. Chanjo huhitaji nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, na oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, nayo huharibika kwa joto, jambo zito katika mji wenye joto kama wetu. Soma kipimajoto kilichomo, ukilinganishe na jedwali la joto lililobandikwa kwenye mlango wa friji, ambalo linapaswa kujazwa asubuhi na jioni. Uliza umeme ulipokatika mara ya mwisho na chanjo zilihamishiwa wapi. Kwenye stoo, linganisha kadi ya dawa na makopo yaliyo rafuni, kisha uandike kila dawa ilikosekana kwa siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita.

Rudi saa nne usiku, na rudi tena mwisho wa juma. Mwaka 2017 madaktari na wauguzi wa hospitali za umma nchini waligoma kwa miezi mingi. Majengo yalibaki palepale na vitanda vikahesabika vilevile, ilhali huduma ilikuwa haipo. Kwa sababu hiyo kipimo cha siku moja hakitoshi, na kila takwimu iandikwe pamoja na siku na saa ilipochukuliwa. Andika pia kama mgonjwa aliambiwa akanunue glavu au dawa nje.

Matokeo yakikamilika, yapeleke kwanza kwa wasimamizi wa vituo wayasahihishe, kisha kwa idara ya afya ya kaunti kabla bajeti haijapitishwa.