Kabla hujaandika digoksini: ninavyofanya kliniki ya moyo huku Njombe

Digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ni kidonge kidogo, cha bei nafuu, na ndiyo maana tunakiandika kwa mkono mwepesi. Kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru hakuna nafasi kubwa, na mara nyingi kinachomsukuma mgonjwa ng'ambo ya pili ni dawa nyingine tuliyompa sisi wenyewe. Nawaandikia matabibu na madaktari wenzangu wa wilayani, wenye mashine moja ya ECG (ya kuchora umeme wa moyo) na maabara ambayo leo ina vitendanishi, kesho haina. Mgonjwa ninayemzungumzia ni mtu mzima mwenye AF (atrial fibrillation): chemba za juu za moyo zinatetemeka tu, na mapigo yanakuja ovyo ovyo.

Hatua ya 1: Hesabu dakika nzima, watu wawili

Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Mapigo ya ovyo hayazidishiki. Weka stethoskopu kwenye ncha ya moyo, nesi ashike kifundo cha mkono, muanze pamoja kwa saa moja ya ukutani. Mkipata 138 moyoni na 102 mkononi, yale 36 ni mapigo yaliyopigwa kabla chemba haijajaa damu, hayakufika mkononi. Ukiandika 102 kwenye faili unajidanganya.

Hatua ya 2: Tafuta AF imetoka wapi

Soma ECG. Ukiona QRS (mchoro wa chemba za chini zikipiga) pana, mapigo ya ovyo, na kasi inayokaribia 200 au zaidi, simama. Huenda umeme unapita njia ya pembeni. Digoksini au verapamili, dawa nyingine ya kupunguza kasi, itaifunga nodi ya AV (lango la umeme kati ya chemba za juu na za chini) na kuiacha njia hiyo ya pembeni wazi, na mgonjwa anaweza kukufia mkononi. Huyo anahitaji mashine ya kushtua moyo.

Kisha shika shingo. Nyanda hizi zilijulikana kwa rovu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, na bado nakutana na akina mama watu wazima wenye uvimbe wa miaka 30. Tezi la shingo likizidisha homoni moyo unakimbia, na digoksini peke yake haiwezi kuukamata. Propranololi inaufikia vizuri zaidi, kama mgonjwa hana pumu. Wala usikimbilie amiodaroni, dawa nyingine ya mapigo ya ovyo. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za madini joto, wakati mwili unahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Tezi lililoishi na njaa ya madini hayo kwa miaka likipewa shehena kama ile linaweza kumwaga homoni bila breki, na dawa yenyewe inakaa mwilini miezi hata baada ya kuiacha.

Akiwa kijana, fikiria valvu ya mitrali (mlango kati ya chemba za kushoto za moyo) iliyosinyaa kwa homa ya rumatiki. Digoksini haimkingi na kiharusi. Huyo anahitaji warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kipimo cha INR cha kuona damu inachukua muda gani kuganda. Utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa AF ya rumatiki, dawa za kundi la warfarini zilifanya vizuri kuliko rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda.

Hatua ya 3: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Usimuulize "unatumia dawa gani?" Atakujibu "za presha". Mwambie, "Kamwene bibi, naomba tuone mfuko wako," umwage vyote. Natafuta haya:

Furosemaidi na hidroklorothiazidi (dawa za kukojosha) pamoja na prednisoloni hupunguza potasiamu. Digoksini na potasiamu hugombania kiti kimoja kwenye pampu ya sodiamu ya seli za moyo. Potasiamu ikipungua, digoksini inakaa kwa nafasi. Mgonjwa anaweza kupata sumu kwa dozi ileile aliyoizoea.

Amiodaroni, verapamili na antibayotiki ya klarithromaisini huongeza digoksini kwenye damu. Ukianzisha amiodaroni, punguza dozi ya digoksini iwe nusu, siku hiyohiyo. Kwinini nayo huipandisha, kwa hiyo mtu akitoka Kyela au Usangu na kutibiwa malaria, muulize alipewa nini.

Hatua ya 4: Kreatinini na potasiamu

Digoksini hutoka zaidi kwa figo, na kreatinini ndiyo kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Figo zikiwa nzima, nusu yake huondoka kwa saa 36 hadi 48. Zikichoka, inaweza kuchukua siku nne au tano. Potasiamu ikiwa chini ya 3.5, irekebishe kwanza. Parachichi na ndizi vinasaidia, na huku hatuna shida navyo, ila si kwa mwenye figo mbovu.

Hatua ya 5: Dozi, na subira

Kama hana haraka simpi dozi kubwa ya kuanzia. Naanza na mikrogramu 125 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 250. Mzee aliyekonda au mwenye kreatinini ya juu nampa nusu hiyo siku moja, siku inayofuata anapumzika. Vidonge vikatwe kwenye dirisha la dawa kwa wembe na mfamasia, si nyumbani kwa kisu cha kumenyea viazi. Dawa hufikia kiwango chake baada ya wiki moja hivi, zaidi kwa figo mbovu, kwa hiyo usiongeze siku ya tatu.

Ujue pia inakoishia. Digoksini hupunguza kasi kupitia neva ya vagasi, ile inayoutuliza moyo, na vagasi hunyamaza mtu akijituma. Kitandani atakuwa na mapigo 80. Akipanda kilima kwenda shambani, 150. Mtembeze kwenye korido kabla hujajisifu. Wengi hao wanahitaji dawa ya kundi la propranololi, mapafu na presha vikiruhusu.

Hatua ya 6: Itambue sumu

Hili nililipia ada. Bibi mmoja, digoksini na furosemaidi, alianza kukataa chakula na kutapika. Tukamtibu vidonda vya tumbo. Mjukuu wake akasema bibi analalamika kwamba siku hizi anapikiwa ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya zamani, wakati unga ulikuwa sembe nyeupe. Tulicheka, kumbe kuona vitu vya njano ni dalili ya sumu ya digoksini. Asubuhi nesi akaandika: "Mapigo 44, ya mpangilio, mgonjwa ametulia." Nami nikafurahi.

AF hainyooki hivyo bure. Mapigo ya ovyo yakigeuka ghafla kuwa ya polepole na sawasawa kwa mtu wa digoksini, huenda nodi ya AV imefungwa kabisa na chemba za chini zinajiendesha zenyewe. ECG ilionyesha hivyo. Potasiamu ilikuwa 2.9.

Tulisimamisha digoksini na furosemaidi. Potasiamu tuliirudisha kwa dripu ya polepole, kamwe si kwa kusukuma na sindano, tukipima kila siku, maana ikizidi nayo huifunga nodi. Atropini, sindano ya kuharakisha moyo, ilikaa kando ya kitanda. Kingamwili za kuinasa digoksini hatuna, na kusafisha damu kwa mashine hakusaidii kwa sababu dawa imezama kwenye misuli. Ni kungoja na kuangalia ECG.

Siku ya sita nikahesabu na nesi: 84, ovyo ovyo kama mwanzo. Nikapumua.