Jinsi ya kusoma miamba ya matumbawe ya kale, pwani ya Kenya

Mwalimu mmoja wa jiografia aliniomba nimwongoze kabla hajawapeleka wanafunzi wake ufukweni Kilifi. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo. Yale majabali ya kijivu yenye ncha kali ni matumbawe yaliyoota takriban miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita 6 hadi 9. Maji yaliposhuka, yakabaki nchi kavu na kushikamana kuwa jiwe la chokaa.

Hatua ya 1: Siku
Nenda wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Kwetu maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Yakianza kurudi, ondoka. Usiketi chini ya jabali lililoliwa na mawimbi.

Hatua ya 2: Vifaa
Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, chupa ya maji, brashi laini, tochi, mwavuli, rula, daftari, viatu vya soli nene.

Nyundo iache nyumbani. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa mwambani, havichukuliwi bila kibali. Vinalindwa na sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006. Asidi nayo iache. Tumbawe, ganda na mchanga uliogandamana vyote ni chokaa, vyote vitatoa povu, kwa hiyo hutajifunza lolote na utakuwa umeula uso uliotaka kuusoma. Maji yanatosha.

Hatua ya 3: Uso wa kusoma
Piga brashi, lowesha, kinga jua kwa mwavuli, mulika tochi kwa pembeni. Ukiweza, pitia kwanza kwenye machimbo ya mawe ya kujengea: jiwe lililokatwa kwa msumeno huonyesha katika dakika moja kile ambacho jabali hukificha.

Hatua ya 4: Juu ni wapi?
Hapa ndipo kundi zima hupoteza asubuhi. Kabla ya kuuliza hili ni tumbawe gani, uliza kama lilifia pale lilipoota au lilivingirishwa na dhoruba. La kwanza linakuonyesha mwamba wa matumbawe ulipokuwa. La pili ni kifusi, na ukilichanganya na la kwanza utachora mwamba ambao haukuwapo.

Hakikisha jabali lenyewe halijaanguka kutoka juu. Kipande kilichodondoka hakisomwi mwelekeo, kiwe kizuri namna gani.

Kisha fuata mistari ya ukuaji kwenye tumbawe la mviringo. Matumbawe huota kuelekea kwenye mwanga, kwa hiyo mistari hupinda mgongo juu. Ikipinda mgongo chini, tumbawe limepinduliwa. Lakini lipo lililoota ubavuni mwa mwamba, nalo hulala upande bila kuguswa na dhoruba. Usiamue kwa moja. Tazama kumi uone kama yanakubaliana.

Shahidi ninayemwamini kuliko wote ni ganda la kombe lililofungika. Tope liliingia likajaza nusu, likatulia. Nafasi ya juu ikajazwa baadaye na fuwele nyeupe za kalsiti, madini ya chokaa. Mpaka kati ya tope na fuwele ni pima maji ya fundi mwashi, maana ulikuwa mlalo siku ile tope lilipotulia. Ukiukuta bado mlalo, jiwe halijageuka tangu hapo.

Jihadhari na wageni wa leo. Chaza walio hai hujigandisha juu ya jiwe la kale, na kome wachimbaji hulitoboa. Tundu tupu lenye kuta safi kwa kawaida ni la karibuni. Lililojaa mchanga uliogeuka jiwe ni la kale.

Hatua ya 5: Jina
Vijitundu vya kama milimita moja, vimebanana: Porites. Matawi: Acropora. Mifereji inayojipinda: Platygyra. Jenasi, yaani jina la kundi la spishi zinazokaribiana, inatosha; spishi yenyewe waachie wenye maabara.

Porites likiwa zima, pima urefu wake. Huota kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo tumbawe la mita moja liliishi karibu karne nzima. Ndilo hilo mafundi wa miji ya kale ya Waswahili walilikata baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga mihirabu.

Hatua ya 6: Picha
Weka rula ndani ya picha na mshale unaoonyesha juu. Picha isiyo na mshale mimi huifuta.