Usiku wa mwisho melini: toa nguo za kesho kwanza

Tumeshuka juzi bandari ya Southampton, Uingereza, baada ya siku 14 za kruzi (safari ya matembezi kwa meli), mzee wa kabini ya jirani kateremka na suruali ya kulalia na ndala za kuogea, ndo nikasema niwaandikie hili. Usiku wa mwisho mabegi makubwa mnayaacha koridoni yakiwa na lebo, yanabebwa usiku huohuo na hamuonani nayo tena mpaka bandarini. Kwa hiyo kabla hujakunja hata soksi moja, tandika kitandani kila utakachovaa kesho, kuanzia chupi mpaka viatu (viatu ndo watu wanasahau), ongeza pasipoti, dawa na chaja, vyote viende kwenye kibegi cha mgongoni, halafu ndo uanze kupaki. Ukianza na begi kubwa utasukumia kila kitu humo maana akili haipo, unataka umalize upande juu ukaagane na watu mliokula nao meza moja wiki mbili. Bili nayo icheki usiku huohuo, asubuhi foleni ya mapokezi haina mwisho. Hii haina kazi kama mnashusha mizigo wenyewe, na kama una ndege siku hiyo chupa za manukato ulizonunua zisikae kibegini, zinaweza kuzuiwa uwanjani. Mi saa 11 alfajiri nilikuwa deki na chai yangu, naangalia taa za kisiwa cha Isle of Wight, karibu na Southampton, zinapita taratibu, nusu nafurahi narudi nyumbani nusu nataka kulia.